Nchi Isiyojua Chumvi Ilipo

Siri haijapata kulala kwangu ikaamka salama, na hii ya Kizuru nimeibeba vya kutosha. Sogeeni.

Kwangu ni Ngamiani, Tanga. Mlango wangu hufungwa kwa ajili ya mbuzi tu, binadamu huingia. Nauza chai na vitumbua barazani, na anayenunua kitumbua kimoja hukaa mpaka ameeleza ndoa yake yote na robo ya ndoa ya jirani. Shule yangu ilikuwa hapo hapo, kwenye karai la mafuta, na sijaona nilichopungukiwa. Ila kusafiri nilikuwa sijasafiri. Watu walikuja na habari za mbali, na mimi siku zote nilikuwa yule wa kusema, "Ehe, halafu?"

Aliyenitia wazimu ni Hidaya, msusi wa kibanda cha pili. Alisuka vichwa vya wasafiri wenye mabegi mgongoni, na kila kichwa kilimwachia maneno.

"Shoga, tunakwenda nje ya nchi," aliniambia. "Na hatupangi kitu."

"Tutalala wapi?"

"Patakapotukuta giza."

"Na kula?"

"Wanachokula wenyeji. Ndiyo maana yenyewe ya safari, Sikudhani! Unaishi na wenyeji, unakula na wenyeji, unaonja utamaduni halisi. Mpango wetu unanyumbulika kama mpira."

Tulipanga kutopanga mpaka masika yakaisha. Tuligombana tuanze kutopanga upande gani, kaskazini au kusini. Mwishowe jirani yangu, Mama Shemboza, akachoka kutusikia.

"Ondokeni basi, nipumzike," alisema. "Nyumba niachie mimi. Chai nitauza."

"Na wageni wangu usiwafukuze."

"Niwafukuze na umbea wao nitaupata wapi? Nenda, mwanangu. Jiko halikimbii."

Tulivyofika Kizuru hakuna haja ya kueleza. Yeyote aliyewahi kupotea anaijua njia.

Mpakani tulipokelewa na mtu mwembamba, mrefu, aliyebeba begi refu kuliko yeye, kwa mbali ungedhani begi ndilo limembeba. Jina lake Bwana Fumbwe, Msimamizi wa Ugeni. Hakuuliza majina, hakuuliza tunatoka wapi. Alitukazia macho akasema, "Chumvi iko wapi?"

Nikamtazama Hidaya. Hidaya akanitazama.

"Chumvi gani, baba?"

"Vizuri sana," alisema, uso ukamlegea. "Ninyi ni wageni safi. Piteni."

Kijiji cha kwanza kinaitwa Chungutamu. Ni kijiji kizuri, nyumba za udongo zimepangana vichochoro vyembamba kama vya kwetu. Kilichonishangaza ni kwamba kila mtu alikuwa na begi mgongoni. Anayechota maji ana begi. Anayechanja kuni ana begi. Mama mmoja alikuwa akinyonyesha, begi nyuma, mtoto mbele, na mtoto naye amefungiwa kimfuko mgongoni.

Uwanjani palikuwa na duara la watu wamemzunguka mwanamume anayefua shati, wanamtazama kama watu wa kwetu wanavyotazama ngoma.

"Ona anavyolikamua," mmoja alinong'ona. "Kuanzia kwenye kola!"

"Ndivyo wanavyofua huku. Tangu mababu."

Hidaya akafurahi, akanibana mkono. "Utamaduni huo, shoga!" Akamwendea yule mwanamume, akamsalimu, akamwomba aeleze asili ya ufuaji ule.

"Mimi?" alisema yule bwana, povu mpaka kwenye viwiko. "Mimi nimekuja juzi kutoka Mabondeni. Nilimkuta mtu anafua hivi, nikasema nami nionje maisha ya hapa."

"Na huyo uliyemkuta?"

"Naye alikuwa mgeni. Wewe umetoka wapi, dada? Kwenu mnafuaje?"

Tukazunguka kijiji kizima kutafuta mwenyeji hata mmoja. Hayupo. Wa Mabondeni wamekuja Chungutamu kuona ya Chungutamu, wa Chungutamu wako Mabondeni wanatazama ya Mabondeni, na wote wawili wanawatazama wale waliotoka Kwa Kihiyo, ambao wamekuja kuwatazama wao.

Nilimwuliza Bwana Fumbwe, kwa sababu alikuwa amekuja nasi mpaka kijijini na hakuonekana kuwa na kazi nyingine. Akaketi kwenye ukingo wa baraza, begi likimlazimisha kukaa nusu tako, akatueleza kwa utaratibu.

"Zamani nchi hii ilikuwa na wenyeji." Neno hilo alilitamka chini chini, kama mtu anayetaja ugonjwa mbele ya watoto. "Walikaa tu. Mtu anazaliwa hapa, anaoa hapa, anazeekea hapa. Kisha wakaja wapita njia wenye mabegi. Wakatazama tunavyotwanga, wakasema: utamaduni wenu mzuri ajabu! Wakatazama tunavyochota maji, wakasema vilevile. Sisi tukaulizana, utamaduni gani? Mbona sisi hatujauona? Baraza la wazee likakaa, likachunguza, likagundua kwamba mtu akiwa kwake haoni utamaduni, anaona kazi tu. Utamaduni uko kwa jirani. Ikapitishwa sheria kila raia aondoke kwake akauone."

"Wote?"

"Wote, bibie. Ingekuwa haki gani wengine waone, wengine waonwe?"

"Na mtu anakaa kijijini mpaka lini?"

"Sheria yetu inanyumbulika," alisema, na Hidaya akatikisa kichwa kwa heshima. "Unakaa upendavyo. Ila ukishajua chumvi ilipo katika nyumba, basi. Macho yako yamezoea. Huonji tena, unaishi. Umekuwa mwenyeji."

"Halafu?"

"Tunakunyang'anya begi. Utabaki katika nyumba hiyo ukipokea wapitao, na huondoki mpaka apatikane mwingine anayejua chumvi ilipo badala yako. Na kama nyumba yenyewe ni ile uliyozaliwa ama uliyoijenga, hilo ni kosa la makusudi. Unapelekwa kwenye vibanda vya mpakani, na nyumba hiyo huioni tena."

Ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa Kizuru wanakula chakula kama maji ya kuoshea sahani. Hakuna anayetafuta chumvi, asije akaipata.

Niseme kweli, siku za mwanzo tulifurahi. Watu wa Kizuru ni wapole na wanacheka upesi, na maneno wanayo. Kasoro yao ni kwamba kila mmoja anamtazama mwenzake apate kuiga mila. Hidaya alikatika ukanda wa ndala kisimani, akarudi nyumbani mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna. Kufikia alasiri nusu ya Chungutamu ilikuwa inatembea na kiatu kimoja. Kesho yake nilimsikia bwana mmoja akiwaelimisha waliofika asubuhi: "Wa hapa wanaacha mguu wa kushoto wazi, kwa heshima ya ardhi." Hidaya alijaribu kukanusha, wakamwambia asidharau mambo asiyoyajua.

Viumbe pekee wasiohama Kizuru ni kuku. Baraza lilijadili suala lao msimu mzima, kama kuku ni mwenyeji ama mgeni. Wengine walisema anataga hapa, basi ni wa hapa. Wengine wakasema hajui jina la kijiji, basi hayupo. Ikaamuliwa kwamba jogoo mkubwa wa kila kijiji atatambuliwa kuwa mwenyekiti, kwa sababu viti vilikuwa vimebaki vitupu na haikupendeza. Wageni rasmi wakija hupelekwa kwake. Bwana Fumbwe alitupeleka. Jogoo alitutazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akaenda zake. Nimewahi kupokelewa vibaya zaidi na wenyeviti wenye miguu miwili na bila manyoya.

Sasa kuna jambo moja halikuwa la kuchekesha.

Katika nyumba tuliyofikia walikuwamo wageni wengi, na kati yao msichana anayeitwa Mwasiti, na bibi mmoja, Bi Mwanamize. Mwasiti alikuwa mchumba wa Mbaraka, fundi wa kuezeka. Wangekuwa wameoana siku nyingi. Lakini harusi ya Kizuru ina sharti moja lililobaki tangu zamani, na ambalo hata Baraza halikuthubutu kuligusa: bwana harusi hubisha hodi, na kutoka ndani mwenye nyumba humwambia "Karibu." Bila neno hilo hakuna ndoa. Na neno hilo kisheria ni la mwenyeji tu. Mgeni akilitamka, ni sawa na kuuza ng'ombe asiye wake.

Chungutamu ilikuwa na mwenyeji mmoja aliyeruhusiwa, Mzee Kirungu, aliyevunjika mguu akashindwa kubeba begi. Alizikaribisha harusi zote za upande ule kwa sauti kama ya tarumbeta. Akafariki. Tangu hapo hakuna aliyeoa.

"Sisi tunangoja," Mwasiti aliniambia, tukichambua mchele. Alikuwa na mwanya mzuri wa mbele uliokuwa ukionekana kabla ya tabasamu lenyewe. "Lakini Baraza linampeleka Mbaraka ng'ambo ya mto baada ya Ijumaa, siku tuliyopangiwa harusi yetu. Harusi isipofanyika, anakwenda peke yake. Na huko wakishakwenda hawarudi. Wanaonja, wanaonja, wanasahau."

"Na Ijumaa nani atakaribisha?"

"Baraza linatafuta njia inayonyumbulika," alisema, akainama kwenye ungo, na niliona tone likianguka katikati ya mchele.

Nami mtu akilia mbele yangu nataka nimpe kitu ale. Niliingia jikoni. Mlango wa jiko lile uko chini. Kila mgeni aliyeingia aligonga paji la uso, na nyumba nzima tulikuwa na vinundu kama mbuzi wanaoota pembe. Nikagonga, nikalaani, nikapika mboga. Nilipoionja nikasema hapana. Kizuru au si Kizuru, mboga hii itakuwa na chumvi.

Mwenye jiko lake huwa na akili yake, lakini majiko yote ni ndugu. Nikafikiri: ningekuwa mimi, nina mvua na nina watoto wa watu, chumvi ningeiweka wapi? Juu, karibu na moshi, isilowe. Nikapandisha mkono juu ya kichanja cha kukaushia kuni, nyuma ya ungo mbovu. Kifuu cha nazi. Ndani yake, chumvi.

Umbea ukaniamka. Maana chumvi ya miaka hugandamana ikawa jiwe. Ile ilikuwa kavu, laini, inateleza vidoleni. Kuna mtu alikuwa akiijaza.

Wakati huo huo akaingia Bi Mwanamize na kikapu cha muhogo. Bila kusita, bila kutazama juu, aliinamisha kichwa mlangoni kiasi kile kile kinachotakiwa, akapita. Nikamtazama paji la uso. Laini kama yai.

Kila asubuhi bibi huyu alikuwa akiuliza kwa sauti, nyumba nzima isikie, "Jamani, choo cha hapa kiko upande gani?" Na kila asubuhi nilimwona ameshafika kabla hajajibiwa.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini huko juu?"

"Nimeshakipata."

Akaweka kikapu chini. Akanikazia macho, kisha akaufunga mlango wa jiko kwa kuusukuma na kisigino, pale pale unapokwama, na haukukwama.

"Wewe una macho mabaya," alisema.

"Nina kibaraza cha chai, bibi. Ni yale yale. Nyumba hii ni yako."

"Nyamaza!"

"Na Mwasiti ni wako. Mwanya ule mmeugawana."

Bi Mwanamize akakaa kwenye kibao cha mbuzi. Alicheka kidogo bila sauti, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mjukuu wangu. Mama yake alikwenda kuonja ng'ambo ya mto. Mimi nilipeleka begi langu Mabondeni, nikakaa siku chache, nikarudi hapa nikajiandikisha mgeni. Nikatoka tena, nikarudi tena. Kila mara nabisha hodi nyumbani kwangu, na hakuna wa kuniitikia. Unajua inavyokuwa hiyo, mwanangu? Naita hodi, halafu naingia kama mwizi."

"Si useme siku ya Ijumaa? Useme karibu, mjukuu aolewe?"

"Nikisema, ataolewa, na mimi jioni wananipeleka vibanda vya mpakani. Nisiposema, nyumba ninayo, yeye anabaki bila mume. Nimeligeuza hili kila upande kama chapati." Akaniangalia. "Weka kifuu mahali pake. Na mdomo wako uufunge, najua itakuwia vigumu."

Hidaya nilimwambia jioni ile ile. Msinilaumu, Hidaya si mtu, ni mimi mwingine.

"Shoga, usijitie," alisema. "Keshokutwa tunapanda milimani, wanasema juu huko kuna watu wanaimbiana salamu. Umeingojea safari hii maisha yako yote. Wakikukamata unajua chumvi, utabaki hapa ukipika mboga mpaka tukuzike."

Alikuwa na haki. Nililala nikiiwaza milima, nikiiona.

Ijumaa ikafika. Mbaraka alikuja na watu wake, ngoma, na kanzu iliyopigwa pasi, wote mguu wa kushoto ukiwa wazi kwa heshima ya ardhi. Sisi tulikuwa ndani, wageni tupu, tumejaa kama dagaa. Mwasiti amepambwa, amekaa katikati, kiatu kimoja.

"Hodi!" aliita Mbaraka.

Bwana Fumbwe, aliyesimama kati ya mlango na ua akiwa na wazee wa Baraza, akainua mkono. Njia inayonyumbulika ilikuwa imepatikana. Mzee mmoja akaingia amemkumbatia jogoo, mwenyekiti.

"Mwenyekiti ni mkazi wa kudumu," alitangaza Fumbwe. "Bwana harusi abishe tena. Mwenyekiti akiwika, Baraza litahesabu kuwa amekaribisha."

"Hodi!"

Jogoo akanyamaza. Wakamtekenya. Wakamwonyesha mtama. Mzee mwingine akawika yeye mwenyewe sikioni mwa jogoo, kumkumbusha. Mwisho jogoo akatoa sauti, lakini ilikuwa ile ya kuku anayeona mwewe, na wazee wakaanza kubishana.

"Amewika!"

"Hajawika, amelalamika."

"Kulalamika ni kukaribisha kwa namna yake. Mke wangu ndivyo anavyokaribisha."

"Mke wako alikaribisha watu wapi, na hana kwake?"

Nje, ngoma ikasimama. Nikaona vidole vya Mwasiti vimeshika pindo la kanga ya bibi yake, huku uso umeangalia mbele kama hawajuani. Na Bi Mwanamize, nikaona shingo yake inanyanyuka, mdomo unafunguka. Alikuwa ameshachagua. Alikuwa anaitoa nyumba.

Sikufikiri. Watu wa barazani hatufikiri kwanza. Nilisimama, nikagonga kichwa kwenye rafu, nikasema kwa sauti ya kuitia wateja:

"Chumvi iko jikoni, juu ya kichanja, ndani ya kifuu, nyuma ya ungo mbovu!"

Hata jogoo aligeuka. Hidaya akafunika uso. Bwana Fumbwe akaja mpaka kwangu, akatazama jikoni, akanitazama mimi.

"Bibie," alisema taratibu, "unaelewa ulichosema?"

"Naelewa. Begi langu liko pale ukutani, lichukue. Mimi ni mwenyeji wa nyumba hii." Nikawaelekea wa nje. "Mbaraka! Bisha tena, baba."

Sauti ya Mbaraka ilikwaruza. "Ho— hodi?"

"Karibu! Karibuni wote! Ingieni, mbona mmesimama juani kama nguo? Karibuni!"

Jamani. Nimesikia vigelegele vya Tanga, lakini vile vilikuwa vimehifadhiwa tangu Mzee Kirungu azikwe. Wazee walilia wazi wazi. Mtu mmoja alinishika mkono akaniomba nimwambie yeye peke yake "karibu," nikamwambia, akaenda pembeni akakaa.

Basi, mwenyeji hapumziki. Nilikuwa na watu kijiji kizima wa kuwalisha, na jiko la watu. Nikafunga kanga kifuani nikaanza kupiga kelele, kama ninavyofanya kwangu kukiwa na shughuli.

"Sufuria kubwa nani ataniletea? Nataka masinia! Kinu! Mbuzi wa kukunia wa pili! Upawa mrefu, huu unaniunguza!"

Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo nitalisimulia mpaka meno yaishe. Watu waliweka mabegi chini na kutawanyika. Hakuna aliyeuliza. Yule wa Mabondeni, mfuaji, aliingia nyumba ya tatu akatoka na sufuria ya ukoo, amelishika sikio lililovunjika kwa namna isiyomkata. Mama mnyonyeshaji alirudi na masinia kutoka chini ya kitanda cha nyumba ambayo alikuwa ameapa kwamba hajawahi kuingia. Wanaume wawili wakagombania kinu, wakajikuta wanakifuata sehemu ile ile, nyuma ya banda la mbuzi. Na Bwana Fumbwe, Msimamizi wa Ugeni, alivuka uchochoro, akapandisha mkono kwenye paa la makuti la nyumba ya mbele bila kutazama juu, akachomoa upawa mrefu, akaufuta kwa kiganja, akaniletea.

Nilipokea. Sikusema neno. Nawaambia, katika maisha yangu hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya.

Pilau lilikuwa na chumvi. Kwa muda mrefu hapakusikika kitu isipokuwa watu wakila.

Asubuhi Hidaya alikuwa uani na begi lake, macho mekundu. "Sipandi milima peke yangu," alisema. "Nitakaa na wewe, nisuke vichwa vyao." Bwana Fumbwe naye alikuwa pale, begi langu begani mwake, kutekeleza sheria. Mimi nikaingia jikoni kuanza kazi yangu ya maisha, nikapandisha mkono juu ya kichanja.

Hakuna kitu. Nikapapasa nyuma ya ungo. Hakuna.

"Jamani, chumvi imeibiwa!"

"Haijaibiwa," alisema Bi Mwanamize. Alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba, kwenye kiti, si kwenye mkeka wa wageni. "Nimeihamisha."

"Umeiweka wapi?"

"Sikuambii."

Hidaya ndiye aliyeelewa kwanza; aliruka mpaka ile ndala yake mpya ikakatika.

"Msimamizi!" alipiga kelele. "Muulize! Muulize Sikudhani!"

Bwana Fumbwe akanikazia macho. "Chumvi iko wapi?"

"Wallahi sijui," nilisema. Na nilikuwa nasema kweli.

Akanivika begi langu mwenyewe, mkanda mmoja kisha wa pili. Kisha akageuka, na sura ya kazi ikamrudia. "Na wewe, bibi. Wewe unajua ilipo."

"Najua. Nyumba hii nilikanyaga udongo wake kwa miguu hii. Mlango ule tuliukosea kipimo mimi na marehemu mume wangu."

"Hilo ni kosa la makusudi. Sheria inasema—"

"Fumbwe," alisema yule bibi kwa upole kabisa, "upawa wa jana uliutoa wapi?"

Wale wote walioleta sufuria na masinia wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu, mguu wa kushoto hasa. Bwana Fumbwe akageuka akaitazama nyumba ya mbele, lile paa, pale mahali.

"Mama alikuwa akiuchomeka pale," alisema mwishowe. "Sikuwa nikiufikia. Nilikuwa nikipanda juu ya kinu."

"Najua. Ulianguka ukavunja kinu changu." Bi Mwanamize akasogea kwenye kiti. "Karibu nyumbani, mwanangu. Uji upo, na una chumvi."

Bwana Fumbwe akalivua lile begi. Lilipotua lilifunguka, tukaona halikuwa na kitu ndani isipokuwa jingine, na ndani ya jingine, jingine. Akaketi barazani makalio yote mawili, na akapewa uji.

Kama sheria imefutwa sijui. Nilipouliza, mzee wa Baraza aliniambia kwamba watu wa Chungutamu wameweka mabegi chini kwa muda tu, na kwamba sheria inanyumbulika. Sisi tulipanda milimani. Ni kweli wanaimbiana salamu, na ni kweli nilijifunza ya kwangu kuiimba, vibaya.

Tulirudi Tanga wakati wa alasiri. Baraza langu lilikuwa limejaa watu nisiowajua, wanakunywa chai na kusengenya watu ninaowajua. Nikaingia jikoni kuweka mboga niliyonunua njiani, nikafungua kopo la chumvi. Mlikuwa na iliki. Nikafungua la pili: majani ya chai. Mama Shemboza alikuwa amepanga upya jiko zima.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikatoka, nikazunguka nyumba, nikaja mbele kwenye mlango wangu mwenyewe uliokuwa wazi, begi mgongoni, watu wote wananitazama, nikabisha.

"Hodi!"

Na kutoka ndani, kwa sauti ya mtu mwenye mikono ya unga, Mama Shemboza akaitikia bila hata kuuliza ni nani:

"Karibu!"